Orodha ya Kabla ya Masika

Ukitaka kumjua mtunza bustani aliye fundi, mwombe akuonyeshe karatasi yake. Huenda ikawa ukurasa wa mwisho wa daftari la mtoto, au mgongo wa kalenda ya mwaka unaoisha, au kipande cha boksi kilichopigiliwa misumari nyuma ya mlango wa stoo. Juu yake, kwa kalamu za rangi mbili tatu, ameandika vitu anavyovitaka kwa mwaka ujao: tupa mpya, samadi ya mbuzi, mbegu za ngogwe nyeupe, mche wa mdimu uliobebeshwa, mkilua. Vingine vimepigwa mstari. Vingine vimehamishwa kutoka karatasi ya mwaka jana, nayo ilivitoa katika ya mwaka juzi, kwa sababu havijapatikana na mwenyewe hajakata tamaa. Nimesoma karatasi nyingi za namna hiyo, hapa Tanga na kwingineko pwani, na naamini kazi ya bustani huanzia hapo, kabla jembe halijagusa udongo. Naamini pia jambo kubwa zaidi: kwamba mimea mingi ya uani kwetu bado ipo duniani kwa sababu tu kuna mtu aliyeendelea kuiandika.

Pwani, karatasi hii huandikwa Desemba ikielekea Januari. Vuli imemalizia manyunyu yake, upepo wa kaskazi umeshika, na jua la Januari na Februari halimruhusu mtu kutoa mche mchanga kitaluni. Kazi inayobaki ni kumwagilia, kufagia majani na kufikiri. Masika inangojewa Machi. Wazee wetu walikuwa na hesabu makini kuliko hii yetu ya miezi. Mwaka wa Nairuzi, ambao watu wa Makunduchi kusini ya Unguja huufungua kila Julai kwa sherehe za Mwaka Kogwa, huhesabiwa kwa miongo, yaani siku kumi kumi, miongo 36 na siku 5 za nyongeza. Kwa hesabu hiyo mkulima alijua mvua ipi iangaliwe mwongo upi na mbegu ipi itiwe ardhini lini, na mvuvi naye alijua pepo zake. Natamani miongo irudi katika karatasi zetu, hata kwa wale ambao mwaka wao huanza Januari. Ukiandika "mchicha" umeandika jina tu. Ukiandika na siku za kuusia, na siku za kuachia mashina machache yakomae kwa mbegu, umeanza kulima.

Orodha ya anayeanza huwa na maua matupu. Hilo si kosa. Kila mmoja wetu aliingia bustanini kwa mlango wa uzuri. Amepita kwenye vitalu vya kando ya barabara, ameona waridi jekundu kwenye kiriba cheusi, bogenvilia za rangi tatu, mche wa mchungwa wenye chungwa moja tayari, na roho yake ikasimama pale. Lakini isome karatasi ya fundi. Mistari yake ya juu haina ua hata moja. Ina udongo.

Ina samadi, na ina tarehe ya kuichukua zizini, kwa sababu samadi mbichi huunguza mizizi na ile ya kuku ni kali kuliko zote. Ikichukuliwa mapema Januari, ikarundikwa kivulini, ikanyunyiwa maji na kugeuzwa, mvua inapofika imepoa na kunukia udongo. Ina makumbi ya nazi ya kutandika chini ya shimo ili yashike maji ardhi ikikauka. Ina mchanga wa mto wa kuchanganya na udongo wa kitalu. Kama nyumba imejengwa juu ya maweni, ile ardhi ya matumbawe ya kale inayochukua sehemu kubwa ya Unguja na ukanda wa ufukoni, karatasi itataja mboji nyingi zaidi ya kitu chochote kingine, maana kwenye maweni mdimu hugeuka njano majani kwa kushindwa kufyonza madini ya chuma, na hakuna umwagiliaji unaotibu hilo. Mwenye uwanja wa namna hiyo akiandika mboji mistari mitatu kabla ya kuandika mche mmoja, mpe heshima yake. Ameutazama uwanja wake kwanza, ndipo akaitazama haja yake.

Kisha zana. Hapa ningependa kukaa, kwa sababu watu hupita haraka mno kwenye zana, kana kwamba jembe ni jembe.

Tupa ndiyo zana ninayoiandika kwanza kila mwaka. Ni kipande cha chuma kisichovutia jicho, na bei yake haifikii ya mche wa mwembe wa kisasa. Lakini jembe lililonolewa hukata magugu chini ya uso wa udongo kwa uzito wake lenyewe, na jembe butu humlazimisha mtu kupiga kwa nguvu, udongo ukaruka, mizizi ya mmea jirani ikachanika, na mgongo ukauma kabla ya saa mbili asubuhi. Wazee wa hapa bado huyataja majembe ya UFI, ya kile kiwanda cha zana cha Ubungo kilichojengwa kwa msaada wa China, na wengine wanayo mpaka leo, yamelika nusu kwa kunolewa na bado yanafanya kazi. Wapo pia wahunzi wanaofua majembe na mapanga kutoka springi za magari, na chuma hicho hushika makali vizuri. Kwenye karatasi, andika unataka jembe la mhunzi gani, na mpini wa urefu gani. Mpini mfupi kwa mtu mrefu ni ugonjwa wa kiuno. Na mpini unaolegea wakati wa kiangazi, loweka kichwa chake kwenye ndoo ya maji usiku kucha, mti uvimbe na kushika.

Mkasi wa kupogolea una nafasi yake, na mkasi huo ukiwa mbovu hudhuru kuliko kutokuwa nao. Kidonda kilichokatwa safi hufunga. Kilichopondwa hualika kuoza. Mwenye michungwa na midimu aandike na chupa ndogo ya spiriti pembeni, afute makali kila anapotoka mti mmoja kwenda mwingine. Kopo la kumwagilia nalo lisinunuliwe kwa rangi yake. Tazama matundu. Yakiwa makubwa, maji huchimba kitalu na mbegu za mchicha, ambazo ni ndogo kiasi cha kuchanganywa na mchanga wakati wa kuzisia, husombwa zote kona moja. Matundu madogo yaliyoelekezwa juu huachia maji yashuke taratibu kama mvua ya rasharasha.

Kuna zana moja ambayo naiona kwenye karatasi chache mno, na ningeomba iingie kwa wote wanaonunua maji kwa ndoo. Ni mtungi wa udongo wa kawaida, uliochomwa lakini haukupakwa rangi wala kung'arishwa. Unauzika ardhini hadi shingoni, mdomo tu ukibaki nje, unaujaza maji na kuufunika kwa kigae au jiwe bapa ili mbu wasizae humo. Maji hupenya kwenye vinyweleo vya udongo pole pole, kwa kadiri udongo wa nje unavyokauka, na mizizi ya bamia au nyanya huja yenyewe kuuzunguka mtungi. Ni ufundi wa kale sana, unaojulikana Asia na Afrika, na hauhitaji umeme, bomba wala mfereji. Wafinyanzi wetu wangali wanafinyanga mitungi. Ukiiandika kwenye orodha yako umemwandika na mfinyanzi.

Na kuna kisu cha kubebeshea. Nakiheshimu kisu hiki kuliko zana zote, kwa sababu anayekiandika ameandika kwamba anataka kujifunza. Muheza, wilaya ya machungwa hapa mkoani Tanga, utawakuta vijana wanaokitumia kisu hicho kwa wepesi wa kushangaza. Shina la mlimau lililooteshwa kwa mbegu, lenye unene wa penseli, hukatwa gamba kwa umbo la herufi T. Gamba huinuliwa kwa ncha butu ya kisu pasipo kugusa utelezi wa ndani. Kutoka tawi la mchungwa bora hutolewa jicho moja na ngao nyembamba ya gamba lake, likatelezeshwa ndani ya mkato, likafungwa kwa utepe wa nailoni kuanzia chini kwenda juu ili maji ya mvua yasiingie. Wiki tatu hivi baadaye utepe hufunguliwa. Jicho likiwa kijani, limeshika. Likiwa kahawia, fundi hugeuza upande wa pili wa shina na kuanza upya. Mti wa mbegu ungemkalisha mtu miaka mingi bila tunda. Uliobebeshwa huanza kuzaa kwa kawaida mwaka wa tatu au wa nne, na chungwa lake ni lile lile la mti mama. Kwa hiyo ninapoona kwenye karatasi ya kijana maneno "kisu cha kubebeshea, na siku mbili kwa fundi wa Muheza", najua mtaa wake utakula machungwa.

Sasa mimea.

Uani kwa watu wa pwani kulikuwa na mimea yake ya harufu, na ilijulikana bila kuandikwa: asumini karibu na mlango, mrihani kando ya kisima, mpacholi kwenye kivuli chenye unyevu pale maji ya kuogea yanapotokea, waridi kwenye kona ya jua, mkadi mbali kidogo kwa sababu ya miiba yake, na kwa wenye bahati, mkilua. Kutokana na hiyo kilifungwa kikuba, kile kifungu kidogo cha maua na majani yanukiayo anachobandika mwanamke kifuani au kwenye nywele siku ya harusi na siku za furaha, Lamu, Mombasa, Unguja, Pemba na huku kwetu. Kikuba hakiwezi kuagizwa kutoka mbali kikafika kizima. Kinategemea bustani iliyo umbali wa kutembea kwa mguu. Bustani zikiondoka, kikuba kinaondoka, na ujuzi wa kukifunga unafuata.

Na bustani zinaondoka. Nyua nyingi mijini zimetandikwa vitofali vya saruji kutoka ukuta hadi ukuta. Nyumba zimeongezwa vyumba, visima vimefukiwa. Silaumu mtu anayehitaji chumba cha kulaza watoto. Ila natazama hesabu ya mimea hii na naona kwamba kila mmoja unaishi kwa njia yake, na njia hizo ni nyembamba. Mpacholi hauchanui ovyo. Unaendelezwa kwa vipandikizi, yaani lazima mtu akate tawi kwa mkono wake na kumpa mtu mwingine. Asumini vivyo hivyo, kwa kipandikizi au kwa kulaza tawi ardhini mpaka litoe mizizi. Mrihani hufa baada ya kuzaa mbegu, na usipozihifadhi au kuziacha zidondoke, umemalizana nao. Hakuna kampuni ya mbegu inayoiona faida kwenye mpacholi wa bibi mmoja. Mimea hii inadumu kwa sababu mtu fulani aliitaja kwa jina, akaitaka, akaenda kuiomba.

Mkilua ndio mfano wangu mkubwa. Ni mti mdogo wa misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania, wa jamii moja na mstafeli na mtopetope, na maua yake, vilua, yana harufu ambayo aliyewahi kuinusa haisahau. Mtaalamu wa mimea Bernard Verdcourt, aliyefanya kazi katika bustani ya mimea ya Kew huko Uingereza, alipouandika rasmi katika sayansi mwaka 1970 aliuita Mkilua fragrans, akiliweka jina letu kama lilivyo kuwa jina la jenasi nzima. Na katika jenasi hiyo hakuna spishi nyingine. Ni huo peke yake. Yaani wanawake wa pwani walikuwa wakiupanda, wakiufunga kwenye vikuba na kuutaja katika mazungumzo yao muda mrefu kabla ya mwanasayansi kuusajili, na mwanasayansi alipofika alikuta jina linamngoja. Lakini nenda leo kwenye vitalu vya kando ya barabara uulizie mkilua. Utaonyeshwa michikichi ya mapambo kutoka nchi za mbali. Muuzaji hana kosa. Anaotesha kinachoulizwa. Siku wateja kumi wakiuliza mkilua mwezi mmoja, ataanza kuutafuta.

Hapo ndipo ilipo nguvu ya orodha, na nguvu hiyo imeshaonekana kwenye mboga. Kuna wakati mnavu, mgagani na mchicha wa kienyeji vilionekana kuwa chakula cha mtu asiye na kitu, na kwenye mashamba ya mfano viling'olewa pamoja na magugu. Kenya, Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia aliitumia taaluma yake kuzichunguza mboga hizi, lishe yake, mbegu zake na namna ya kuzipika, wakati wengi walikuwa wakichunguza kabeji. Leo managu na saga, kama mnavu na mgagani zinavyoitwa huko, huuzwa kwenye maduka makubwa ya Nairobi. Arusha, kituo cha kimataifa cha utafiti wa mboga, World Vegetable Center, kina benki ya mbegu za mboga za Kiafrika na kimekuwa kikigawa pakiti za mbegu kwa wakulima wadogo: mchicha, ngogwe, mnavu, mlenda, kunde. Watafiti walifanya kazi yao. Lakini wasingepata cha kukusanya kama wanawake vijijini wasingekuwa wakitenga kila msimu tunda moja la ngogwe liachwe mtini mpaka liwe jekundu kabisa, likamuliwe mbegu, zioshwe, zikauke kivulini, zichanganywe na majivu na kufungwa kwenye kitambaa juu ya moshi wa jiko. Waliitaka ngogwe hiyo, na si nyingine, mwaka ujao. Hiyo nayo ni orodha, hata kama haikuandikwa popote.

Kwa mboga, basi, karatasi yangu haina maneno mengi. Naandika jina, kisha naandika kwa nani nitaipata. Mbegu ya dukani ina mahali pake, hasa kwa nyanya na pilipili hoho, na pakiti yenye lebo ya ukaguzi wa TOSCI, taasisi ya kuthibitisha ubora wa mbegu nchini, ni bora kuliko ile ya kupimiwa kwa kijiko kutoka gunia wazi. Lakini ngogwe, mlenda na kunde za kutambaa naziomba kwa watu.

Kuna mmea mmoja wa mkoa huu ambao uko kwenye orodha za dunia nzima isipokuwa za kwetu, na kila ninapoufikiria naona wivu, wivu mzuri unaomsukuma mtu kufanya kitu. Mwaka 1892 hivi, ofisa wa Kijerumani aliyetawala sehemu hizi, Walter von Saint Paul-Illaire, aliona kijimea chenye majani ya manyoya laini na maua ya rangi ya urujuani kwenye miamba ya kivulini. Alipeleka mbegu kwao Ujerumani, na mwaka 1893 Hermann Wendland, mkuu wa bustani za Herrenhausen mjini Hannover, aliupa jina la Saintpaulia. Katika miaka ya 1920 wakuzaji wa maua wa Los Angeles walianza kuchagua na kuzalisha aina mpya, na mwaka 1946 wapenzi wake wa Marekani walianzisha chama chao, ambacho kipo hadi sasa. Aina zake za bustanini leo ni maelfu, za maua meupe, waridi, zambarau, yenye kingo za kujikunja. Wataalamu wameuhamishia katika jenasi ya Streptocarpus tangu 2015, lakini wapenzi wake hawajabadilisha jina la zamani. Spishi za porini zinapatikana Tanzania na kusini mwa Kenya tu, nyingi katika milima ya Usambara ya Mashariki, na nyingi ziko hatarini kwa sababu misitu inayozipa kivuli na unyevu inapungua.

Mmea huu ungewekwa kwenye kila baraza ya Tanga yenye kivuli. Hauhitaji ua wala shimo. Unahitaji chungu kidogo, udongo unaopitisha maji, na mwanga usio wa jua kali. Hauendelezwi kwa kung'oa porini, na hili ningeomba liandikwe kwa wino mzito kwenye karatasi yoyote: kuung'oa kwenye mwamba wake ni wizi usiolipika. Unaendelezwa kwa jani. Jani moja zima na kikonyo chake, likichomekwa kwenye mchanga mbichi na kufunikwa kwa chupa iliyokatwa, hutoa mizizi, kisha vichipukizi pembeni. Anayeupata kutoka kwa mtu anayeuotesha anaweza kuugawa kwa marafiki wote ndani ya msimu. Sioni sababu kwa nini ua lililotoka Amboni na Amani lijulikane zaidi kwenye dirisha la jikoni la Ohio kuliko kwenye baraza za Chumbageni.

Amani yenyewe, kule juu Usambara ya Mashariki, inatufundisha upande wa pili wa kutaka. Wajerumani walianzisha kituo chao cha kilimo na mimea pale mwaka 1902, wakajaza mlima kwa miti kutoka kila bara, na ukitembea humo leo unaona kiasi gani mtu anaweza kutamani. Lakini baadhi ya miti iliyoletwa, hasa msizi, ule unaoitwa kitaalamu Maesopsis eminii, ilitoka kwenye mashamba yake na kuingia msituni, ikaota pale ambapo miti ya asili ilipaswa kurudi. Gugumaji lina kisa kikali zaidi. Liliondolewa kwao Amerika ya Kusini kwa sababu ya uzuri wa maua yake, likapambwa kwenye mabwawa ya bustani za watu, na kuelekea mwaka 1990 lilikuwa limeonekana Ziwa Victoria, ambako limefunga ghuba, limekwamisha mitumbwi na kuwakosesha wavuvi riziki. Lilianza kama tamaa ya mtu fulani mwenye bwawa. Kwa hiyo fundi, anapoandika mmea mgeni, huuliza kwanza unaeneaje: kwa mbegu zinazobebwa na ndege, kwa maji, kwa mizizi inayotambaa? Akikosa jibu la kuridhisha, huupiga mstari.

Kupiga mstari ndiyo sehemu ya orodha ninayoipenda kwa dhati, ingawa inauma. Chukua mlangilangi. Nani hautaki? Harufu ya maua yake jioni inajaza nyumba tatu, na Wakomoro wamejenga biashara kubwa juu ya mafuta yake. Lakini ni mti wa kwenda juu, na ukiachwa bila kukatwa kilele na kuinamishwa matawi, maua yake yatakuwa ya ndege. Mwenye uwanja wa hatua kumi na ukuta wa jirani upande huu na waya za umeme upande ule hana mahali pa mlangilangi. Anayelijua hilo, akaliandika jina, akaliangalia, kisha akalipiga mstari na chini yake akaandika asumini, huyo ana ustadi ambao haupatikani kwa kununua miche. Vivyo hivyo mfenesi karibu na msingi wa nyumba, na mwembe chini ya paa la bati. Mmea usiopandwa mahali pasipoufaa umeokolewa.

Nami ninavyoona, orodha iliyo bora huwa fupi kuliko hamu ya aliyeiandika. Ina udongo juu, zana chache zinazonoleka, mboga zenye majina ya watu pembeni yake, mti mmoja wa matunda uliobebeshwa, na mmea mmoja mgumu kupatikana ambao mwenyewe yuko tayari kuutafuta hata miaka. Huo wa mwisho usifutwe kamwe. Ndio unaomtoa mtu nyumbani, ukampeleka Pangani kwa mama fulani ambaye inasemekana ana mkadi wa kale, ukamkalisha kwenye baraza ya watu asiowajua akinywa kahawa na kuuliza habari za mbegu. Mwaka 1949 R. O. Williams alichapisha Unguja kitabu kizima cha mimea ya manufaa na ya mapambo ya Unguja na Pemba, na wasomaji wa bustani bado wanakitegemea. Lakini kitabu hakitoi kipandikizi. Anayetoa kipandikizi ni mtu mwenye mmea, na hatakupa asipojua kwamba unautaka.

Basi andika yako sasa, kaskazi ingali inavuma, usingoje mvua ikukute dukani. Waulize bibi na shangazi wa familia yako ni mmea gani ulikuwa uani kwao ambao hawauoni tena, na uandike jina hilo kama walivyolitamka wao. Lipeleke kwenye kitalu, uliulizie hata kama unajua hawana, na urudi kuuliza tena. Na ikiwa una mkilua unaozaa, tenga mbegu zake mwaka huu umpe mtu asiye wa nyumba yako, aanze kuziotesha kabla ya Machi.